Finjani ya Ukuta

Bibi yangu amekaanga kahawa ya baraza tatu za Chake Chake tangu mama yangu hajazaliwa, na hajawahi hata siku moja kumwona mtu akiinywa.

Kwetu Ole kazi hiyo huanzia uani na kuishia uani. Buni huletwa kutoka mjini kwenye gunia. Bibi huzikaanga kwenye kaango la udongo, huzitwanga na tangawizi, huzichunga, na asubuhi mjomba wangu, mdogo wake mama, hufika na vespa yake akachukua unga na kwenda zake. Yeye ndiye mwenye dele, lile birika refu la shaba, na yeye ndiye anayepita barazani akigonganisha vikombe ili watu wajue kahawa imefika. Kinachotokea baada ya hapo ni mambo ya wanaume. Sisi wanawake tukikaribia baraza huvuka upande wa pili wa njia, tukatoa salamu nusu na kuongeza mwendo. Nimepita hivyo maisha yangu yote. Ukiniuliza nani hukaa pale, nitakwambia kuhusu makubadhi. Nyuso sizijui.

Sikuwahi kuliwaza jambo hili mpaka bibi alipoteleza uani siku ya mvua akavunjika mkono. Mama mdogo alikuja kutoka Wambaa kumchukua, kwa sababu sote tulijua kwamba akibaki nyumbani atakaanga kwa mkono wa kushoto. Gari ilipokuwa inaondoka alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Kaango langu lisipoe, mwanangu."

Lazima niseme hapa kwamba bibi hafundishi. Ukimuuliza jambo hujibu, "Tazama." Nimetazama miaka mingi, lakini nilikuwa natazama kama mtu anayetazama mvua. Nilipobaki peke yangu na lile kaango niligundua kwamba sijui chochote. Sijui moto uwe mkubwa kiasi gani, wala buni zikoleeje ndipo ziepuliwe. Basi nikajifundisha mwenyewe kwa simu. Nilitazama video za watu wa nchi za mbali wanaokaanga kahawa kwenye mashine zinazong'aa. Wengi sikuelewa lugha yao, lakini rangi nilizielewa. Wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja: kila punje iwe sawa na mwenziwe.

Mimi ndivyo nilivyo, na sioni faida ya kuficha. Nikituma ujumbe kwa simu huusoma kwanza, nikaufuta, nikauandika upya, na nikishautuma huusoma tena. Nguo nikikunja ikapinda hukunja tena. Kwa hiyo nilipopewa kazi ambayo inaweza kufanywa sawasawa hadi punje ya mwisho, niliifurahia kupita kiasi. Nilichambua buni moja moja kwenye ungo, zilizovunjika nikazitupa. Nilinunua mkaa mzuri ili moto usiruke. Nilifunga mlango wa uani kwa komeo ili mtu asije akanisemesha. Nikakoroga bila kuondoa macho mpaka zote zikawa na rangi moja, rangi ya mbegu ya tende, na nilipozimwaga kwenye ungo zilipendeza hata nikazipiga picha.

Siku chache zikapita. Kisha asubuhi moja mjomba alifika, akashuka kwenye vespa, asichukue mfuko. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Wazee wananuna," alisema.

"Wananuna nini?"

"Kahawa. Wanasema haigombi."

"Haigombi vipi, mjomba? Kahawa inagomba na nani?"

"Na mdomo. Hawasemi mbaya. Jana mmoja kaniuliza, 'Yakhe, hii kahawa umeitoa hospitali?' Wote wakacheka. Na wanamwaga." Alinionyesha kwa mkono, kikombe kinavyoinamishwa chini ya ukuta. "Wanakunywa nusu, wanamwaga nusu."

Nikamletea ungo nimwonyeshe buni zilivyo sawa. Alizitazama kwa adabu, akaokota moja, akaitafuna.

"Nzuri," alisema. "Lakini baraza ikikosa kahawa yake, huhama. Watu wataondoka mmoja mmoja waende kwingine, na ikishakufa baraza huifufui. Kuna kahawa ya pakiti dukani, imeshasagwa. Ikifika Ijumaa bado wananuna, nitachukua ile."

"Na bibi?"

Aliinuka juu ya kinu akauchukua mfuko. Sote wawili tulijua kwamba bibi akirudi akakuta kahawa ya pakiti imeshika nafasi yake, kaango litatundikwa ukutani na yeye atakaa chini yake. Bibi si mtu wa kukaa. Nilimwogopea kuliko nilivyojiogopea mwenyewe, na mimi hujiogopea sana.

Siku ile nilishika njia ya mjini. Nilimwambia mama naenda kununua tangawizi, na tangawizi nilinunua, lakini nilikuwa na udadisi ambao sijawahi kuwa nao. Nilitaka kuziona zile baraza. Nilichagua saa ya katikati ya asubuhi, wakati watu wako kazini na baraza zimebaki tupu.

Ya kwanza iko mbele ya duka la nguo. Ni ukingo wa saruji tu, mrefu, umekatwa na mlango katikati. Nilijifanya nachagua kanga huku nikiitazama. Ukuta nyuma yake una mstari wa mabega: chokaa imelika kwa kuegemewa, na mahali pawili panang'aa zaidi kuliko pengine, kana kwamba watu wawili wana haki ya kukaa hapo na wengine hubahatisha. Mwenye duka aliniona nikitazama. Nikanunua kanga nisiyoihitaji.

Ya pili iko kwenye mteremko wa kushukia bandarini, na kwa sababu ya mteremko upande mmoja wake uko juu na mwingine chini. Kumbe wanaume hukaa wamepangana kama ngazi! Juu ya saruji mtu alichimba mashimo ya bao zamani, yamekuwa laini kama vibakuli. Nilitazama huku na huku, nikaweka kidole ndani ya shimo moja. Nilihisi aibu kama mtu aliyefungua sanduku la mwenziwe. Chini ya baraza, ardhi ilikuwa na doa jeusi. Nilijua ni nini. Nilikuwa natazama kahawa yangu.

Ya tatu sikuthubutu kuisogelea. Iko ndani ya kichochoro, imejengwa pamoja na nyumba ya zamani ya mawe, na hiyo ndiyo inayosemekana ni kongwe kuliko zote. Mzee mmoja alikuwa amelala juu yake kajifunika kofia usoni. Nilirudi Ole.

Jioni nilimpigia mjomba. "Nataka kuwasikia," nilimwambia. "Wakiwa wanakunywa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Umemwona wapi mwanamke barazani?"

"Nitakaa mbali."

"Mbali hutosikia." Kisha akasema, "Kuna moja unaweza kwenda. Ya kichochoroni. Lakini utakaa ndani."

Ndipo nikaambiwa jambo ambalo kila mwanamume wa Chake anaonekana kulijua. Ile baraza imejengwa kwenye ukuta wa nyumba ya watu, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Basi finjani ya kwanza ikimiminwa kutoka kwenye dele hainywewi na mtu yeyote wa nje. Hupitishwa dirishani, iende kwa mama wa nyumba. Huiita finjani ya ukuta. Mjomba aliipitisha, na aliyekuwa muuza kahawa kabla yake aliipitisha, na hakuna anayekumbuka nani alianza.

"Kwa hiyo kuna mwanamke anayekunywa kahawa ya bibi kila siku?"

"Tangu aolewe pale," mjomba alisema. "Bibi yako hajakwambia? Labda hajui."

Kesho yake baada ya sala ya alasiri nilibisha mlango wa nyuma wa nyumba ile. Alinifungulia bi mkubwa mwembamba, mrefu, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani. Nilimwamkia, nikajieleza haraka haraka na vibaya, nikianza mwisho na kumalizia mwanzo.

"Wewe ndiye wa bibi wa Ole," alinikatiza. "Pita. Vua viatu. Usiongee kwa sauti, wameshaanza kuja."

Ukumbi ulikuwa na kiza cha baridi. Dirisha lilikuwa la mbao, la vibao vilivyolazwa, na chini yake kiti kimoja. Mbele ya kiti, kwenye kizingiti cha dirisha, palikuwa na duara jeusi lililoingia ndani ya mbao, ukubwa wa kitako cha finjani. Bi mkubwa alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa juu ya mkeka. Nilitaka kukataa, akanionyesha kidole mdomoni.

Migongo yao ilikuwa karibu hata ningeweza kuigusa. Walikuwa wakibishana kama honi ya meli ya Mkoani inaweza kusikika Chake.

"Nimeisikia mwenyewe, wallahi, alfajiri."

"Umesikia tumbo lako."

"Tumbo langu halilii honi."

"Muulize mkeo."

Walicheka, na bi mkubwa karibu yangu naye akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Nikaelewa kwamba amekuwa akicheka nao hivyo miaka yote, na wao hawamwoni. Nikamwuliza kwa kunong'ona kama wanajua kwamba anasikia.

"Wanajua," alisema. "Wakitaka kusema jambo lisilofaa huhamia pembeni kule. Kijana wangu alipokuwa anataka kuoa, alikaa hapo nje akawaambia wenziwe jina la msichana kwa sauti, ili mimi nisikie. Kuniambia usoni aliona haya."

Vikombe vikagongana. Mjomba alikuwa amefika. Mkono wake ukapita kwenye vibao na finjani, na bi mkubwa akainuka akaipokea, akaiweka juu ya lile duara jeusi, sawasawa, kama ufunguo kwenye kitasa. Alisubiri kidogo. Akanywa.

Nje mtu mmoja alisema, "Haya, dawa imefika."

"Meza tu. Mara tatu kwa siku, baada ya kula."

"Usimseme. Mkono wa bibi haujapona."

"Nani kamsema bibi? Namsema aliyeko jikoni. Kahawa imeoga, imechana nywele, imevaa kanzu. Sasa mimi niinyweje?"

Wote wakaangua kicheko. Nikasikia kile nilichokuwa nimekiogopa: kioevu kikimwagwa kwenye ardhi. Macho yakanijaa. Sijui kwa nini kumwagwa kuliniuma kuliko maneno.

Bi mkubwa alimaliza finjani yake yote. Nadhani aliimaliza kwa ajili yangu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ukikaanga, nani yuko na wewe?"

"Hakuna, bi mkubwa. Nafunga mlango."

"Unafunga mlango?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia naswali nikiwa nimelala. "Unakaanga kahawa na umefunga mlango?"

"Ili nisikosee."

"Harufu inatoka, mwanangu, inakwenda kuwaita watu, wanakuja wanakuta komeo. Majirani watasema nini?" Alitikisa kichwa. "Mimi kwetu mama yangu alikaanga pia. Kahawa ikianza kunukia, watu hupiga hodi. Huyu anauliza habari, huyu anaomba chumvi. Unainuka, unamkaribisha, unarudi unakuta chini zimeshika kidogo. Kahawa ya bibi yako ina huo moshi. Nimeunywa mpaka nimeota mvi. Yako haina. Yako haijatembelewa na mtu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu, nikampigia bibi Wambaa nimwambie. Nilidhani atacheka.

"Mimi naunguza kahawa?" alifoka. Nilisogeza simu mbali na sikio. "Nani kasema? Huyo wa kichochoroni? Mwambie tangu nizaliwe sijaunguza hata punje!"

"Bibi, hakusema umeunguza. Alisema zinashika kidogo."

"Kushika ndiko kuungua! Nyie mnatumia nini, mkaa? Nani alikwambia utumie mkaa? Kahawa haikaangwi kwa mkaa. Vifuu vya nazi viko nyuma ya choo, rundo zima, huvioni? Huo moshi ni wa vifuu." Nikamsikia akimlalamikia mama mdogo pembeni, kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwani anakunywa? Huyo bi mkubwa?"

"Kila siku, bibi. Finjani ya kwanza ni yake."

Nikasikia akivuta kiti akakaa.

"Ina tangawizi ya kutosha?" aliuliza. "Anasemaje kuhusu tangawizi?"

Nilimwambia kwamba anaipenda. Hakuwa amesema hivyo, lakini alikuwa amekunywa tangu aolewe.

Sasa nilikuwa na majibu mawili, na usiku ulikuwa mmoja kabla ya Ijumaa. Mtu mwenye akili timamu angejaribu moja kwanza. Mimi niliogopa kuchagua vibaya, nikafanya yote mawili. Alfajiri niliwasha vifuu. Moto wake hauna adabu hata kidogo, unalala, unaruka, unatema cheche. Nikafungua mlango wa uani, nikaweka kaango, nikamwaga buni, nikaanza kukoroga huku nikiutazama mlango kama anayemsubiri mwizi.

Harufu ilipoanza kutoka, haikuchukua muda.

"Hodi!"

Alikuwa jirani wa nyuma yetu, mwanamke mwenye maneno mengi. Nilitamani kumjibu nikiwa nimekaa. Niliinuka.

"Karibu, bi."

"Nimesikia harufu, nikasema, kumbe kwao kunakaangwa! Siku zote hizi nilidhani mmeacha. Bibi hajambo? Mkono bado umefungwa au umefunguliwa? Na mama yuko wapi?"

Nilimjibu swali moja moja nikiwa nimeupa moto mgongo. Nyuma yangu nilisikia buni zikipasuka, kwanza taratibu, halafu kwa haraka, na kila mpasuko ulinichoma kisogoni. Nikamletea kigoda. Akauliza kuhusu mtoto wa mama mdogo. Nikamjibu. Nilipogeuka, moshi ulikuwa umefunika kaango, na nilipoinama kukoroga niliona nyeusi na kahawia na nyingine ambazo zilikuwa bado hazijajua kama ziko motoni.

Ningezitupa. Nakiri kabisa, ungo ulikuwa mkononi na shimo la taka liko hatua chache. Jirani alichota moja kwa vidole, akaipuliza, akaitafuna na kuendelea na habari zake. Vespa ikanguruma nje.

"Mjomba," nilimwambia akiingia, "zimeungua."

Alinusa. "Twanga."

"Hazilingani hata moja."

"Twanga, mwanangu, nachelewa."

Ijumaa ile jioni nilikaa tena kwenye kile kiti chini ya dirisha. Nilikuwa nimekula kucha zangu mpaka zikauma. Bi mkubwa alipokea finjani ya ukuta, akaiweka juu ya duara, akasubiri kama kawaida yake. Akanywa kidogo, akafumba macho, akanywa tena. Kisha akaninyooshea mimi ile finjani. Nilikuwa sijawahi kunywa kahawa ya barazani kutoka kwenye dele. Ilikuwa chungu, ina moshi, na tangawizi ilikuja nyuma kabisa, kooni.

Nilisikiliza kama nje kuna kinachomwagwa. Nikasikia vikombe vikirudishwa kwa mjomba na dele likiinamishwa tena.

"Ongeza," mtu alisema.

"Na mimi."

"Alhamdulillahi, bibi kapona."

"Nilijua tu. Kahawa hii siwezi kuisahau. Huo ndio mkono wake."

Nilifurahi, na papo hapo nikaumia kidogo, nikaona aibu kwa kuumia. Bi mkubwa alikuwa ananitazama. Akasogea dirishani, akaweka mdomo karibu na vibao, na mwanamke yule aliyecheka bila sauti miaka yote akasema kwa sauti kubwa:

"Si bibi! Bibi bado yuko Wambaa. Ni mjukuu wake, na yuko hapa ndani anawasikia."

Nje nikasikia vikombe vikiwekwa chini kimoja kimoja. Nikawaza, sasa hawatakunywa tena. Nikawaza, wataona haya, watahamia pembeni kule.

"Alaa!" mtu mmoja alisema hatimaye. Ilikuwa sauti ya yule aliyesema kahawa imechana nywele. "Anasikia? Basi mwambieni mjukuu wetu, kesho afanye vile vile."

"Asibadilishe kitu," mwingine akadakia. "Hata kidogo."

Wakarudi kwenye honi ya meli, ambayo bado ilikuwa haijaamuliwa. Mkono wa mjomba ukaingia kwenye vibao kuchukua finjani. "Yule wa dukani," alininong'oneza kutoka nje, "nimwambie asiniwekee ile pakiti?"

"Mwambie, mjomba."

"Umesikia lakini?" bi mkubwa aliniuliza. "Vile vile."

Nilisema nimesikia. Nilikuwa na mikono miwili juu ya magoti nikijaribu kukumbuka: ni vifuu, au ni mlango? Nilikuwa nimeinuka kwa muda gani? Na je, kama kesho jirani hana la kuuliza na hatakuja?